Paka Aliyeugua Kila Jumapili

Bathsheba Nyanchoka alipika kwa miaka ishirini na minane katika shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Sironga, na katika miaka hiyo yote hakuna msichana aliyelazwa hospitalini kwa sababu ya chakula chake. Hakujisifia jambo hilo. Lakini mtu akitaja shule fulani iliyofungwa kwa ugonjwa wa kuhara, alikuwa akiuliza maji ya kuoshea mboga pale yalitoka wapi. Alikuwa na pua. Angesimama mlangoni mwa stoo akakwambia kuna gunia moja la maharagwe lililovunda, hata kama limefunikwa na mengine sita. Wasichana walimwita Mama Jiko. Siku aliyostaafu walimpa blanketi na sufuria kubwa mno, ambayo mpaka leo haijapata kazi, maana nyumbani kwake Gesima wamebaki wawili tu, yeye na mumewe Abner Obwocha. Mtoto wao Lewis yuko Nakuru.

Paka aliletwa mwisho wa Desemba. Aliyemleta ni Linet, binti wa marehemu kaka yake Bathsheba, muuguzi aliyekuwa akiishi Kisii mjini. Linet alikuwa amepata kazi ya miaka miwili huko Ireland, na kila mtu aliyemwomba amtunzie paka alikuwa amecheka akidhani ni mzaha. Alishuka kwenye gari akiwa amebeba kikapu cha plastiki chenye mlango wa waya, na dereva akamfuata na katoni mbili za mikebe.

Paka mwenyewe alikuwa dume aliyehasiwa, wa miaka kumi na moja, rangi ya kijivu iliyoiva. Jina lake Simiti. Alitoka kikapuni polepole, akaangalia shamba la chai lililopanda mlima mpaka mwisho wa macho, akarudi kikapuni.

"Hiyo mikebe ni ya nini?" Abner akauliza.

"Chakula chake, anko."

"Paka wa kununuliwa chakula." Abner aliufikiria mkebe mmoja kwa muda, akiugeuzageuza. "Na panya atakamatwa na nani?"

Linet alimvuta shangazi yake kando, wakasimama karibu na jiko, ile nyumba ndogo ya mabati nyuma ya nyumba kubwa ambako Bathsheba alipikia kwa kuni. Akamweleza mambo kwa haraka, kama mtu ambaye akili yake imeshatangulia uwanja wa ndege. "Anti, meno yake karibu yote yameisha. Usimpe mifupa, usimpe ugali mgumu. Ni hiki laini cha mkebe tu, asubuhi na jioni. Vitunguu hapana, chumvi hapana. Na usimpe kikiwa baridi, baridi humtapisha. Kiwe na joto la chumba."

"Joto la chumba," Bathsheba akarudia, kama alivyokuwa akirudia maagizo ya mwalimu wa zamu.

"Ndiyo hivyo. Wewe ni mpishi, anti, sina wasiwasi."

Wakaagana. Linet alilia kidogo juu ya kikapu, akaingia garini.

Siku za kawaida hazikuwa na shida. Bathsheba alikuwa akifungua mkebe asubuhi, anachota nusu kwenye kisahani, na Simiti anakula papo hapo huku yeye amesimama karibu. Jioni anampa nusu iliyobaki, aliyokuwa ameifunika kwa kisahani ndani ya nyumba kubwa. Abner alikataa paka kulala ndani ya nyumba kubwa, kwa hiyo Simiti akawa wa jikoni, akilala kando ya mafiga yakiwa bado na uvuguvugu.

Siku ya Sabato, yaani Jumamosi, ilikuwa na utaratibu wake tangu Bathsheba akiwa msichana. Kila kitu hutayarishwa Ijumaa jua likiwa bado juu. Matoke ya kesho huiva Ijumaa yakaingia kwenye hotpoti, maharagwe hivyo hivyo, viatu hupigwa rangi Ijumaa, kuni huingizwa ndani Ijumaa. Chakula cha Abner hutayarishwa, na chakula cha paka pia. Alichukua bakuli pana la bati, akafungua mikebe miwili, akaimimina yote, akaliweka bakuli sakafuni jikoni kabla ya ibada ya kufungua Sabato. Kesho yake waliondoka nyumbani kabla ya saa mbili, na yeye akarudi karibu saa kumi na mbili jioni, maana alikuwa mama wa kwaya na mchana kulikuwa na mazoezi na mikutano. Alipochungulia jikoni alikuta bakuli limerambwa likang'aa. Alifurahi. Mpishi yeyote hufurahi akiona sahani tupu.

Jumapili ya pili ya Januari, alipofungua jiko asubuhi, Simiti hakuja mlangoni. Alikuwa amejikunja nyuma ya gunia la makaa. Alikuwa ametapika mara mbili, na kwenye kona kulikuwa na uharo. Bathsheba alisafisha, akaweka maji safi, akamfunika na sweta kuukuu. Kufikia Jumanne Simiti alikuwa anakula tena na kujisugua miguuni pake kama kawaida. Bathsheba akasema ni hali ya hewa. Mvua zilikuwa zimeisha ghafla, na jua la Januari lilikuwa limeanza kupiga mabati mpaka yanalia.

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Na iliyofuata.

Jumapili hiyo ya tatu ya ugonjwa alisimama mbele ya paka yule, mikono kiunoni, akihisi kitu ambacho hakukizoea. Alikuwa mtu wa kujua. Ugali ukiungua alijua ni nani aliyeongeza kuni. Sasa mbele yake kulikuwa na mnyama mmoja, tumbo moja, na hakujua hata aanzie wapi.

Alianzia kwa jirani. Nyangau alikuwa na shamba la viazi vitamu lililopakana na shamba lao la chai, na kila mtu alijua jinsi fuko walivyokuwa wakimsumbua. Bathsheba alimkuta akikata majani makavu ya migomba.

"Nyangau, umeweka dawa shambani?"

"Dawa gani?"

"Ya panya. Au ya fuko. Paka wangu anaugua."

Nyangau aliacha kukata. Alishusha panga taratibu, kama mtu anayetaka mikono yake iwe mitupu kabla ya kujibu. "Mama Lewis, tumepakana miaka thelathini na miwili. Umewahi kupoteza kuku kwangu?"

"Sijasema umefanya kwa ubaya."

"Fuko nawatega kwa mti na kamba, vile baba yangu alitega. Njoo uone."

Akampeleka, na akamwonyesha mitego yote minne, mmoja baada ya mwingine, ingawa aliposhaona wa kwanza Bathsheba alitaka kurudi. Alirudi nyumbani akiwa na aibu, na jambo lenyewe halijasogea hata hatua. Zaidi ya hayo, kama ingekuwa sumu, kwa nini ilimshika Jumapili tu? Panya hawana kalenda.

Jioni hiyo alimweleza Abner wakiwa mezani. Abner akaweka kijiko chini.

"Nimekuwa nikimpa maziwa kidogo," akasema.

"Nani?"

"Huyo paka."

Bathsheba alimtazama mume wake aliyekataa paka asiingie nyumbani. "Lini?"

"Sabato asubuhi. Nikitoka kukama. Anakuja ananiangalia."

"Kiasi gani?"

"Kifuniko cha chupa. Labda viwili."

Bathsheba alihisi mzigo ukimshuka. Alikuwa amesikia kwamba paka mkubwa anaweza kuharishwa na maziwa ya ng'ombe, na hapa palikuwa na maziwa, tena ya siku ya Sabato. Kila kitu kilikaa mahali pake. Hakumgombeza Abner, alimwomba tu aache, na Abner akaacha. Wiki hiyo Bathsheba alitembea kwa wepesi. Aliwaambia wanawake wa kwaya hadithi ya Abner na kifuniko cha chupa, wakacheka.

Jumapili, Simiti alitapika mara tatu.

"Basi si maziwa," Abner akasema kutoka mlangoni, na kwa sauti yake Bathsheba hakuweza kujua kama alikuwa anajitetea au anasikitika.

Ndipo akamwita Daktari Ogoti. Ogoti alikuwa daktari wa mifugo aliyezunguka Gesima yote kwa pikipiki, na mtungi wa mbegu za kupandishia ng'ombe umefungwa nyuma. Alikuja Jumatano, siku aliyokuwa na ndama wa kuangalia upande ule. Simiti alimpokea akiwa mzima kabisa, mkia juu. Ogoti alimfungua kinywa, akamkanda tumbo, akampima joto, akamkuta hana kitu.

"Mama, huyu mgonjwa ni yupi?"

"Ni huyo. Anaugua Jumapili."

"Jumapili?"

"Jumapili peke yake. Jumatatu anapata nafuu. Jumanne amepona."

Ogoti alikuna shingo. Alizoea ng'ombe, na ng'ombe huugua moja kwa moja mpaka apone au afe. "Anakula nini?"

"Chakula chake, cha mkebe. Kinatoka Kisii. Nimeangalia tarehe, kinaisha mwaka ujao mwezi wa tisa."

"Kama ni cha mkebe, kiko sawa," Ogoti akasema, na swali lile likafungwa hapo. Alitoa dawa ya minyoo, akamnywesha Simiti huku Bathsheba ameshika miguu, akasema huenda ikasaidia. Alipokuwa anavaa kofia ya pikipiki aliongeza kwamba paka wa mjini wana mambo yao.

Dawa ya minyoo haikusaidia. Februari iliingia na jua lake. Majani ya chai yalipungua, vumbi likaanza kupanda kwenye barabara ya kwenda kituo cha majani, na Bathsheba akaanza kujitilia shaka mwenyewe.

Ilianza kidogo kidogo. Alinawa mikono, kisha akainawa tena, akashindwa kukumbuka kama alitumia sabuni. Alimuuliza Abner kila jioni tumbo lake linaendeleaje, mpaka Abner akasema ataanza kuugua kwa kuulizwa. Aliacha kuonja mchuzi kwa sababu hakuamini tena ulimi wake, na wiki moja walikula mboga zenye chumvi ya watu kumi. Alisugua bakuli la paka kwa majivu, akalichemsha, akalianika juani likiwa limeinamishwa, safi kuliko vikombe vya meza ya Bwana. Ijumaa ikija, analijaza tena kwa mikono iliyonawa mara tatu. Jumapili ikija, paka ni mgonjwa.

Simiti alikuwa amekonda sasa. Mgongo ulihesabika. Linet alipopiga simu, Bathsheba alimwambia paka anaendelea vizuri, na baada ya kukata simu alikaa kitandani akiwa ameishika mkononi. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Hakujua hata ni kwa nini alikuwa ameusema, isipokuwa kwamba ukweli wenyewe haukueleweka. Angesema nini? Kwamba nimelisha wasichana mia sita kwa miaka ishirini na minane na nimeshindwa na paka mmoja?

Sabato ya tatu ya Februari kichwa kilimuuma kanisani. Hema la ziada lilikuwa limejaa, na jua lilipenya kwenye turubai kama hakuna kitu. Baada ya mahubiri alimwomba mwenzake aisimamie kwaya mchana, akamwacha Abner akizungumza na wazee, akashika njia ya nyumbani polepole, kitambaa kichwani.

Alifika kama saa saba. Alikwenda jikoni kuchukua maji ya mtungi. Alipovuta mlango, joto lilimpiga usoni. Jiko lile lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, mabati yamepigwa na jua juu, makaa ya Ijumaa bado yana moto chini ya majivu. Simiti alikuwa ameinama kwenye bakuli lake, anakula.

Chakula kilikuwa kimebadilika rangi. Juu kilikuwa kimejenga ngozi nyeusi, na pale paka alipokuwa amekwangua, chini yake palikuwa na ute uliovutika. Nzi walikuwa kumi na kitu. Bathsheba aliinama.

Hakuhitaji kuinama sana. Pua yake ilijua kabla yeye hajajua. Ilikuwa harufu ya sufuria iliyosahaulika, ile ambayo shuleni ingemfanya aite wapishi wote watatu wasimame mstari. Alimwinua Simiti kwa mkono mmoja na bakuli kwa mkono mwingine, akamweka paka nje, akaenda nyuma ya choo akafukia chakula kile kwa jembe. Wakati anafukia alikumbuka kwamba ni Sabato na yeye ameshika jembe. Akaendelea kufukia.

Kisha alisimama hapo, bakuli tupu mkononi, na akachanganyikiwa kuliko alivyokuwa amechanganyikiwa wiki zote sita. Maana chakula kile alikiweka yeye. Kilikuwa kizuri Ijumaa. Alikinusa Ijumaa, kama alivyonusa kila kitu. Na kila Sabato jioni alikuta bakuli limerambwa, hakuna cha kunusa, hakuna cha kuona, akafurahi. Usafi wote ule, majivu yote yale, ulikuwa wa bakuli ambalo kosa lake lilikuwa limeshaingia tumboni mwa paka.

Alimpigia Linet. Huko alikokuwa Linet ilikuwa asubuhi, na sauti yake ilikuwa bado na usingizi. Bathsheba alimweleza yote, pamoja na uongo aliomwambia. Linet hakukasirika.

"Anti, ulikuwa unakiacha usiku na mchana?"

"Ulisema kiwe na joto la chumba. Nikakiacha chumbani."

"Ah." Linet alishusha pumzi. "Nilimaanisha kikitoka kwenye friji. Unakitoa, unakiacha kidogo kipoteze ubaridi, unampa. Sikuwaza kwamba huna friji."

"Nami sikuwaza kwamba unayo."

"Imeandikwa kwenye mkebe, pale chini. Ukishafungua, kiingie friji kimefunikwa."

"Nilisoma tarehe," Bathsheba akasema. "Maandishi mengine ni madogo kama siafu."

"Nilidhani unajua, anti. Wewe ni mpishi."

Hapo ndipo lilipomshika. Alikuwa mpishi wa chakula cha moto. Chakula chake kilitoka kwenye moto kikaingia kwenye sahani mia sita, na kabla ya nusu saa kilikuwa kimeisha, na sufuria zimeloweshwa. Hakuwahi kuwa na mlaji wa kula kidogo kidogo, anayekwenda akirudi, siku nzima. Hata matoke ya Sabato yalikaa kwenye hotpoti yakiwa moto, na kama yangepoa angeyatupa. Kumbe alijua. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba kile cha mkebe ni chakula kama chakula kingine. Alikuwa amekiona kama kitu cha dukani, kama sabuni, kitu ambacho hakiharibiki kwa sababu kimeandikwa tarehe.

Jumapili Simiti aliugua, lakini kidogo. Hakuwa amemaliza bakuli. Jumatatu Ogoti alipitia, na safari hii alikaa kwenye kigoda akakubali chai. Bathsheba alipomweleza, alitikisa kichwa kwa muda.

"Hilo swali nililiuliza nusu," akasema. "Ningeuliza kinakaa muda gani. Kwa ng'ombe ningeuliza. Lishe ikilowa maji asubuhi, jioni huwezi kumpa."

Akamweleza sasa polepole. Amwekee kiasi cha mlo mmoja tu, na kilichobaki kisahanini kiondolewe baada ya saa moja, au mbili kukiwa na baridi. Joto kama hili la Februari, asingoje mbili. Mkebe ukifunguliwa na hakuna friji, usingoje jioni, hata kwa kufunikwa na kisahani kama alivyokuwa akifanya. Afadhali zile pakiti ndogo za mlo mmoja, anafungua, anampa, imeisha. Kisahani kioshwe kila mara, maji yawe mbali na chakula na yabadilishwe.

"Na akigoma kula siku nzima, mama, usikae ukimwangalia. Niite. Paka si wa kukaa na njaa."

"Na Sabato?" Bathsheba akauliza. "Mimi huondoka asubuhi narudi jioni. Hicho kikavu cha punje sijui kama atakiweza, hana meno."

"Kikavu kinaweza kukaa mchana mzima. Lakini ukikilowesha kiwe laini, kimekuwa kama cha mkebe, sheria ni ileile."

Bathsheba alikitafuta kile kikavu, akakipata Kisii kwa shida. Simiti alikilamba, akakiviringisha kwa ulimi, akakiacha. Kwa hiyo Sabato ikabaki kitendawili. Angeweza kufungua pakiti asubuhi kabla ya kwenda, ampe, angoje amalize. Lakini Simiti hakuwa wa kumaliza asubuhi. Alipenda kula robo, atembee, arudi. Na Bathsheba hakuweza kungoja wakati kwaya inangoja.

Aliyekitegua ni Abner, na alikitegua bila kusema. Sabato ya kwanza ya Machi, baada ya mahubiri, Bathsheba alimtafuta kati ya wazee akamkosa. Akadhani ameenda kuzungumza na mtu. Jioni aliporudi alimkuta nyumbani, viatu vya kanisani vimevuliwa, kisahani kimeoshwa na kuinamishwa juu ya jiwe.

"Nilimpa saa saba," Abner akasema. "Pakiti moja. Alikula nusu nikaitoa."

"Uliitoa saa ngapi?"

"Saa nane kasorobo."

Bathsheba aliinua kisahani akakinusa kwa mazoea. Hakikuwa na harufu, isipokuwa sabuni nyingi ambayo haikusuuzwa vizuri. Akakisuuza tena Abner asimwone.

Jumapili aliamka mapema kuliko siku zote. Alifungua jiko akiwa amejiandaa na majivu na kitambaa. Simiti alikuwa mlangoni, mkia juu, anadai. Sakafu ilikuwa safi. Bathsheba alichungulia nyuma ya gunia la makaa, akachungulia kila kona, akarudi akachungulia tena. Hakukuwa na kitu. Alisimama pale na kitambaa chake, na badala ya kufurahi alijikuta anafikiria jambo la mbali.

Shuleni, miaka mingi iliyopita, palikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyeumwa tumbo kila mara baada ya wikendi. Walimu walisema anakwepa mitihani ya Jumatatu. Walipomuuliza Mama Jiko kama inaweza kuwa chakula, alijibu kwamba chakula chake hakina shida, wasichana wengine wote wamekula hichohicho. Ilikuwa kweli. Lakini baadhi ya wasichana walikuwa na tabia ya kubeba githeri ya mahindi na maharagwe kwenye mikebe, wakaificha masandukuni bwenini, wakala kesho yake. Kila mtu alijua. Msichana yule alikuwa mwembamba, mwenye njaa. Bathsheba alijaribu kulikumbuka jina lake na halikuja. Hakujua kama alipona akiwa shuleni au alihama. Hakujua hata kama jambo lenyewe lilikuwa hivyo, au ni akili yake tu sasa inaona mabakuli yaliyoachwa kila mahali.

Alimweleza Abner wakinywa chai. Abner alifikiri.

"Huwezi kujua," akasema.

"Ndiyo maana nauliza."

"Unamuuliza nani?"

Walimaliza chai.

Baadaye wiki hiyo alivuka mpaka na kumpelekea Nyangau mkungu mdogo wa ndizi, akamwambia paka amepona na kwamba haikuwa sumu ya mtu yeyote. Nyangau alipokea ndizi. Hakutaja mambo ya zamani, ila alisisitiza aje aone mtego mpya aliouweka kwenye kona ya chini, na Bathsheba akaenda, akauangalia kwa makini, akasema ni mzuri.

Simiti alinenepa tena taratibu. Mvua ndefu zilipoanza, Abner alisema jiko linavuja upande ule paka anakolala, na tangu siku hiyo paka akalala ndani ya nyumba kubwa, ingawa Bathsheba alichunguza mabati yote hakuona tundu. Linet aliomba atumiwe video, na shangazi yake akajifunza kuzituma. Bado Bathsheba alikuwa na siku zake za wasiwasi. Kuna Sabato alisimama mbele ya kwaya akiongoza wimbo, na katikati ya ubeti akapoteza mahali, kwa sababu alikuwa anajiuliza kama Abner amekumbuka, kama pakiti ile haikuwa na tundu, kama saa moja ya Gesima ni saa moja kweli wakati jua linatoka na kuingia hivi. Siku hiyo aliaga mapema akaja mwenyewe kuhakikisha.

Alimkuta Abner ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, shati la kanisani bado mwilini, saa yake ya mkononi ameivua ameishika kiganjani. Mbele yake Simiti alikuwa amekula kidogo, ameacha, anajiramba bega.

"Amemaliza?" Bathsheba akauliza.

"Bado anafikiri," Abner akasema. "Mwachie dakika kumi."

Bathsheba alivuta kigoda kingine akaketi karibu naye, wakamngoja paka.